Oveni ya jikoni na kulehemu bodi za saketi: yaliyonikuta hapa Kigoma na ninavyofanya sasa

FundiTaa_Mwanga (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za leo.

Mimi ni fundi wa taa za kuvulia dagaa usiku, hapa Mwanga, Kigoma. Mwezi huu vijana watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wameniuliza swali moja: fundi, bodi niliyoichora mwenyewe naweza kuilehemu kwenye oveni ya nyumbani? Nimeona nijibu hapa mara moja ili na wengine wafaidike.

Unaweza. Ila siku oveni ilipopokea bodi ya kwanza, imeshahama jikoni. Hairudi kuoka mkate, keki wala samaki. Mwenye oveni moja tu nyumbani, na watoto wanakula vinavyookwa humo kila wiki, aache kabisa hadi apate ya pili.

Kwa nini tunahitaji oveni? Taa za mtumbwi siku hizi ni za LED, betri ya volti 12, na LED zenyewe hukaa kwenye bodi yenye mgongo wa alumini ili joto lipate pa kukimbilia. Faida hiyo ndiyo adha ya fundi. Unashika chuma cha kulehemu cha wati 60, unagusa mguu wa LED, joto lote linanywewa na alumini, lehemu inaganda kama ugali wa jana. Ukilazimisha, LED inaungua kabla kiungo hakijashika. Dawa ni kuipasha bodi nzima kwa pamoja: unapaka pesti ya lehemu kwenye vituo vyote (madoa ya chuma ambapo miguu ya vipande hukaa), unapanga vipande kwa kibano, unaingiza kwenye joto, pesti yote inayeyuka kwa mpigo. Ukiitazama kupitia kioo, ile rangi ya kijivu inageuka kung'aa kama samaki akigeuza ubavu majini, na LED zinajivuta zenyewe kukaa sawa. Mimi bado nafurahi kila ninapoiona.

Sasa kisa changu. Mke wangu anaoka keki na skonzi za oda. Alikuwa na oveni ya umeme ya mezani, wati 1500. Alipokwenda Kasulu msibani, mimi nikaingiza bodi sita. Zilitoka safi sana. Asubuhi nikapitisha kidole kwenye kioo cha mlango kwa ndani: kinanata, kina utando wa kahawia, kinanuka utomvu wa msonobari. Nikafuta kwa kitambaa cheupe, kikatoka na madoa na vipunje vya kijivu vinavyong'aa. Vipunje vile ni lehemu. Pesti niliyotumia ilikuwa na risasi (ile metali ya sumu, lead) asilimia 37.

Aliporudi nilimweleza yote. Alikuwa na oda ya keki ya kipaimara. Hakunigombeza, aliniuliza tu: "Hiyo keki wewe ungempa mwanetu?" Oda ile tuliokea kwa jirani. Faida yangu ya taa za mwezi ule ilikwenda kununua oveni nyingine kwa ajili yake, na ile ya zamani ipo karakana, nimeiandika kwa rangi nyekundu mbele, juu na ubavuni: SI YA CHAKULA. Nimeandika pande tatu kwa sababu siku nikifa au nikihama, atakayeirithi ajue.

Ninavyofanya sasa, kwa pesti ya bati 63 na risasi 37, ambayo huyeyuka nyuzi 183:

Napandisha joto polepole, nyuzi moja hadi mbili kwa sekunde, mpaka 150. Hapo fluksi, ule utomvu uliomo kwenye pesti unaosafisha chuma ili lehemu ishike, inaanza kuamka. Kutoka 150 hadi 180 naenda taratibu, dakika moja hadi moja na nusu, bodi nzima ilingane, kipande kikubwa kisiachwe nyuma na kidogo. Kisha naisukuma ipite 183 ifike kati ya 210 na 220, na muda wote wa kuwa juu ya 183 usipungue nusu dakika wala usizidi dakika moja na nusu. Nikishaona pesti yote imeng'aa nahesabu kama sekunde 15 au 20, nazima, nafungua mlango taratibu. Sigusi bodi. Lehemu ikiwa bado maji, mtikiso mdogo tu unahamisha vipande. Naiacha humo humo hadi ishuke chini ya 100.

Pesti isiyo na risasi, ile ya bati, fedha na shaba, huanza kuyeyuka 217, kwa hiyo kilele chake ni 235 hadi 250. Oveni ndogo nyingi zinafika huko kwa shida.

Namba za kwenye kitasa cha oveni zisahau. Kitasa kinaamuru kipande cha chuma kinachojikunja kwa joto, kinawasha na kuzima, na kinachopimwa hapo ni joto la ukutani. Wewe unataka joto la bodi. Multimita nyingi zenye sehemu ya nyuzijoto huja na waya wa kupimia joto, themokapo aina ya K. Ncha yake ibandike kwa tepu ya Kapton, ile inayovumilia joto, juu ya bodi mbovu ya aina ile ile unayotaka kulehemu, uiweke kando ya bodi nzima. Ukipima kwa bodi ya kawaida halafu ukalehemu ya alumini, utadanganyika: ya alumini inachelewa kupata moto.

Karibuni kwa maswali na kwa kunirekebisha.

---

KijanaWaGungu

Mkuu asante kwa uzi, ila hapo kwenye risasi naona umeongeza chumvi. Risasi inachemka nyuzi 1749. Oveni yako haifiki hata 300. Mvuke wa risasi utatoka wapi? Mimi nimelehemu bodi nne kwenye oveni ya nyumbani, nikafuta kwa spiriti, maisha yanaendelea.

---

FundiTaa_Mwanga

Mdogo wangu, hesabu yako ya 1749 ni sahihi na nakuunga mkono. Kwa joto la oveni, mvuke wa risasi ni kama haupo. Anayekwambia risasi "inapaa hewani" kwa nyuzi 220 anakutisha bure.

Risasi inapita mlango mwingine. Pesti ni unga wa chuma uliochanganywa na fluksi. Chembe zake katika pesti ya kawaida ni maikromita 25 hadi 45, nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Fluksi inapochemka inarusha. Ukipandisha joto haraka inarusha zaidi, ndiyo vile vipunje nilivyokuta kwenye kitambaa. Vinaangukia kwenye wavu, kwenye trei ya chini, kwenye mikunjo ya bati ambako kitambaa chako cha spiriti hakifiki. Kesho mkate unakaa juu ya wavu ule.

Halafu spiriti inaondoa fluksi. Risasi haiyeyuki kwenye spiriti, unaisambaza tu kutoka hapa kwenda pale.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inagusa ubongo unaokua, na madhara yake hayarudishiki. Haimuumizi siku hiyo hiyo, na ndiyo maana wewe unaona "maisha yanaendelea". Nakuomba kama kaka yako: kama nyumba hiyo ina mtoto, oveni hiyo itoke jikoni.

---

KijanaWaGungu

Nimekuelewa mkuu. Nyumbani kuna wadogo zangu wawili. Na nikitumia pesti isiyo na risasi kabisa, naruhusiwa?

---

FundiTaa_Mwanga

Hapana. Moshi wa fluksi unabaki kwenye kuta vilevile, na bodi zenyewe ni fiba ya kioo na gundi ya epoksi iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, mara nyingi yenye bromini. Pia wewe na mimi tunanyofoa vipande kwenye redio na runinga za zamani. Miguu ya vipande hivyo imepakwa lehemu ya risasi tangu kiwandani, hivyo hata pesti yako ikiwa safi, risasi imeingia na kipande. Ulaya walianza kuibana risasi kwenye vifaa vya umeme Julai 2006. Mzigo wa kabla ya hapo umejaa kwenye makabati yetu.

---

BiMaandazi_Isevya

Mwangaluka wanangu. Mimi si fundi, niko Isevya, Tabora, naoka skonzi na mikate ya kuuza. Mwanangu kanionyesha uzi huu kwa sababu amenikiri kwamba alishatumia oveni yangu mara mbili akiwa likizo. Trei nimeitupa jana. Je, nikiisugua oveni kwa sabuni na steelwool naweza kuendelea? Oveni ndiyo mtaji wangu, sina nyingine.

---

FundiTaa_Mwanga

Shikamoo mama. Pole sana, na huyo kijana ni mkweli, usimfokee.

Nikikwambia isugue uendelee nitakuwa nakuficha jambo. Mara mbili ni kidogo, lakini sina namna ya kukuhakikishia kwamba mikunjo ya ndani imetakata, na wewe unalisha watu wengi, watoto wa shule wakiwemo. Kusugua kwa steelwool kikavu ndiko kubaya zaidi, kunarusha vumbi.

Kama ingekuwa yangu ningefanya hivi: oveni ibadilishane nafasi. Mpatie mwanao au fundi yeyote wa elektroniki hapo Tabora, kwake ni mali kwa sababu anatafuta ya kulehemu, na hicho anachokulipa kianzie kununua nyingine. Mtu ukimuuzia mwambie wazi imefanya kazi gani. Kwa siku za katikati, sufuria yenye moto juu na chini inaoka skonzi vizuri, hilo mama unalijua kunishinda.

---

BiMaandazi_Isevya

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Kijana ameshasema ataichukua kwa kulipa kidogo kidogo.

---

MzeeWaRedio

Vijana mmezungumza risasi, nami niongeze moshi. Nimetengeneza redio Ujiji tangu enzi za transista za kopo la chuma. Moshi ule mweupe wa lehemu wengi wanadhani ni risasi, kumbe ni fluksi, utomvu wa msonobari unaoungua. Miaka mingi niliinamia bodi pua ikiwa juu yake, dirisha limefungwa upepo wa ziwani usinipoze lehemu. Sasa nina pumu. Daktari aliponiuliza kazi yangu na kuisikia, hakushangaa. Moshi huo unajulikana kwa kuleta pumu kwa mafundi, na ukishakushika, hata harufu kidogo inakubana kifua.

Oveni inautoa mwingi kwa mpigo mmoja kuliko chuma cha mkononi. Iwekeni barazani chini ya paa, au dirishani na feni inayovuta kutoka ndani kwenda nje. Feni isipulize kwenye oveni, itapoza upande mmoja. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi huo.

Halafu kwa bodi ndogo ya upande mmoja, mnaijua pasi ya nguo? Ifungeni kichwa chini miguu juu, imara, kwenye matofali mawili. Kwenye alama ya pamba inafika kama nyuzi 200. Bodi ya alumini inakaa juu yake bapa kwa bapa, joto linapanda kutoka mgongoni, LED hazipigwi moto usoni. Pasi hiyo nayo isirudi kwenye sare za shule.

---

FundiTaa_Mwanga

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa hili, na pole kwa kifua. Pasi nimeijaribu leo kwenye bodi ya LED tisa. Imeshinda oveni kwa kazi hiyo. Themokapo iliniambia pasi inapanda na kushuka kwa nyuzi karibu 30 kila inapowaka na kuzima, kwa hiyo niliinyanyua bodi kwa kibano mara ilipong'aa.

---

MwanaKibirizi

Fundi, kuna pesti ya bismuthi inayeyuka nyuzi 138. Joto dogo, umeme kidogo, haina risasi. Kwa nini tusiitumie hiyo tukamaliza ubishi?

---

FundiTaa_Mwanga

Ndugu yangu, hapa umegusa kidonda, na wewe ni wa Kibirizi kwa hiyo huenda umesikia habari yake.

Mwaka jana nilitengeneza taa 14 kwa pesti ya bismuthi, kwa sababu hizo hizo ulizozitaja. Nilizijaribu mezani usiku mzima, safi. Wavuvi wakatoka nazo giza lilipoingia baada ya mbalamwezi. Usiku wa tatu mzee mmoja akanirudishia taa mbili. Ukitikisa unasikia kokoto ndani. Nikafungua: LED zimeteleza kutoka mahali pake, nyingine zimelala chini ya kifuniko. Mtumbwi wake ulirudi usiku wa manane bila dagaa, na mafuta yameshaungua. Nilimlipa mafuta, nikazikusanya taa zote 14 kutoka kwa wenyewe kabla hazijamharibia mwingine.

Sababu ilinichukua muda kuielewa. Bodi zile za alumini nilizinunua tupu, vituo vyake vimeshapakwa bati la kiwandani, na bati lile lilikuwa na risasi. Bismuthi, bati na risasi vikikutana vinaweza kutengeneza mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 96 hivi. Taa yangu iliyofungwa kwa silikoni nilipoipima mgongoni ilikuwa nyuzi 94, na kwenye kiungo chenyewe, karibu na LED, joto ni zaidi ya hapo. Kiungo kilikuwa kinarudi kuwa maji huku ziwani, mawimbi yanatikisa.

Kwa hiyo bismuthi itumike kwa saketi isiyopata moto, isiyotikiswa, na ambayo una hakika hakuna risasi popote, kwenye bodi wala kwenye miguu ya vipande. Hata peke yake huvunjika upesi ikigongwa. Kwa taa ya mtumbwi, hapana.

---

MwanaKibirizi

Kumbe ndiyo zile taa. Baba mdogo alikuwa na moja, na ulimrudishia nyingine. Asante kwa kueleza wazi.

---

MwlFizikia_Tbr

Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia hapa Tabora, tuna klabu ya elektroniki ya wanafunzi. Nimesoma uzi wote, naomba niongeze upande wa umeme, maana watu wanaogopa risasi na kusahau kwamba oveni inaweza kuchoma nyumba.

Kwanza, watu wanaandika mapishi ya muda: "washa dakika nne, zima, subiri moja". Kwetu muda hauaminiki. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 230, lakini jioni watu wakiwasha majiko nimepima 190. Nguvu ya kipasha joto inafuata volti mara volti. Oveni ya wati 1500 kwa 230, ikipata 190 inabaki na wati 1,020 hivi. Umepoteza karibu theluthi. Pesti itakaa kwenye joto la kati muda mrefu, fluksi itaisha kazi yake kabla lehemu haijayeyuka, utapata viungo vya chenga chenga. Ndiyo maana mwenye uzi anasisitiza themokapo. Sisi tunalehemu asubuhi.

Pili, nyaya. Wati 1500 kwa volti 230 ni ampea 6.5. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu haibebi hiyo. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13 ndani, msiitoe mkaweka msumari. Na mguu mrefu ule ni wa kwenda ardhini. Nyumba nyingi tundu lake lipo lakini nyuma hakuna waya. Pimeni kabla. Oveni ni sanduku la bati, waya mmoja ukigusa bati na hakuna njia ya ardhini, anayefungua mlango ndiye anakuwa njia.

Tatu, wanaotaka kuendesha oveni kwa Arduino, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Mradi mzuri, wanafunzi wangu wameufanya: themokapo, chipu ya MAX6675 ya kusoma joto, na relei ya kielektroniki inayowasha na kuzima kipasha. Relei hiyo inapoteza karibu volti moja na nusu ndani yake, kwa ampea 6.5 ni wati kama 10 za joto, kwa hiyo ifungwe kwenye bamba la alumini. Sasa sikilizeni: relei hizi zikiungua, mara nyingi hubaki zimewasha. Programu inasema zima, oveni inaendelea kupanda. Kwa hiyo msikiondoe kile kitasa cha zamani cha oveni. Kiacheni kwenye njia ya umeme, mkiseti 250, kiwe mlinzi wa mwisho. Ongezeni na fyuzi ya joto, inayokata umeme joto likizidi. Na mtu asiondoke, hata kwenda kuitika mlangoni.

Ndoo ya mchanga kavu iwe karibu. Moto ukitokea, chomoa kwanza, mlango uache umefungwa, hewa iishe humo. Maji kwenye oveni yenye umeme, kamwe.

---

KijanaWaGungu

Mwalimu hiyo ya volti 190 imenifumbua macho. Nilikuwa nalaumu pesti. Sasa umeme ukikatika katikati je? Kwetu si jambo la ajabu.

---

MwlFizikia_Tbr

Inategemea ulifika wapi. Kama pesti haijang'aa, acha mlango umefungwa, ipoe, usiirudishe hivyo hivyo. Fluksi imeshatumika. Dondosha fluksi mpya kidogo pembeni ya kila kituo, kisha anza upya mwanzo hadi mwisho. Kama ilishang'aa yote, huenda imeshamaliza kazi: ipoe humo, uikague kwa lenzi. Unachotakiwa kukumbuka ni kuzima swichi ya oveni mara umeme unapokatika, usije ukarudi wewe hupo.

---

MamaTunu

Nina jiko la gesi lenye oveni chini, na bibi ana oveni ya mkaa. Vinafaa?

---

FundiTaa_Mwanga

Havifai, dada. Gesi ina moto wa wazi na moshi wa fluksi unaungua, tena joto lake halilingani kona na kona. Mkaa huwezi kuuambia panda nyuzi moja kwa sekunde. Na vyote viwili ni vya chakula.

---

Mpiga_Chapa

Swali la haraka. Pesti naagiza Dar, inakuja na basi. Ikifika imetengana, mafuta juu chuma chini. Nifanyeje?

---

FundiTaa_Mwanga

Pesti inapenda kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 10. Kutoka Dar hadi Kigoma imekaa kwenye buti ya basi siku nzima na zaidi, imeiva. Agiza sirinji ndogo ya gramu 10 hadi 20 utakayoimaliza mapema, kuliko kopo kubwa la bei nafuu. Iliyotengana kidogo inakorogeka na kufanya kazi. Iliyokauka na kuwa kama mchanga inaacha vipunje kila mahali, itupe kwenye kopo la taka za risasi.

Usiiweke kwenye friji ya chakula. Mimi ninayo kwenye kopo linalobana, ndani ya mtungi uliozungukwa na mchanga mbichi karakanani. Haifiki baridi ya friji lakini inanivusha mwezi. Ikitoka kwenye baridi isifunguliwe hadi ilingane na joto la chumba, saa nne ndizo zinazoshauriwa, la sivyo unyevu unaingia, na unyevu ndani ya oveni unapasua.

Kwa kuwa tumegusa taka: pamba za kufutia, pesti kuukuu na maji ya kloridi ya feri, yale ya kulia shaba tunapotengeneza bodi, visimwagwe mtaroni. Mitaro ya Mwanga inaelekea ziwani. Shaba iliyoyeyuka inaua samaki na vile vijidudu wanavyokula, na wanaonunua taa zangu wanaishi kwa dagaa hao. Vyangu vinakaa kwenye madumu yaliyofungwa na kuandikwa.

Na mikono. Sabuni na maji tiririka kabla ya kugusa chakula, kabla ya kushika mtoto. Shati la karakana linabaki karakana. Meza nafuta kwa kitambaa cha maji, sifagii.

---

MwlFizikia_Tbr

Nimerudi baada ya wiki mbili. Klabu imelehemu bodi 11 kwenye oveni ya yule mama wa Isevya, kijana wake ameileta na sasa ni mwanachama wetu. Tisa zimekubali. Mbili zimevimba malengelenge na kujikunja, zimenuka vibaya, lakini joto lilikuwa lile lile, kilele 218. Tulizichora wenyewe kwa karatasi ya printa na pasi kama nyingine. Tatizo nini?

---

FundiTaa_Mwanga

Hongera sana mwalimu, na salamu kwa mama.

Hizo mbili ziangalie ubavuni. Rangi gani?

---

MwlFizikia_Tbr

Kahawia. Zile tisa ni za kijani hafifu, unaona kama nyuzi za kioo ndani.

---

FundiTaa_Mwanga

Hapo ndipo ilipo. Za kahawia ni karatasi iliyogandishwa kwa gundi ya fenoli, ni rahisi dukani lakini hazivumilii joto kama fiba ya kioo, na zinanyonya unyevu. Unyevu ukigeuka mvuke ndani, ndiyo malengelenge. Msizirudishe kwenye oveni. Zilehemuni kwa chuma cha mkononi, kiungo kimoja kimoja. Kama ni lazima ziingie, zikausheni kwanza kwa nyuzi 100 saa moja au mbili kabla ya kupaka pesti, mjaribu na kipande kitupu.

Na harufu ile ikitoka, watoto wote watoke nje kwanza, mlango wa oveni ufunguliwe baadaye.